Picha Iliyo Nyuma ya Kiti cha Hakimu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika ilianza saa nane na dakika kumi mchana, katikati ya hoja ya mwendesha mashtaka. Ilipiga bati kwa kelele mpaka hakimu akanyoosha mikono na kuahirisha kesi. Watu wakatoka. Nikabaki Chumba Namba Tatu na daftari langu na ile picha.

Naandika shajara hii kwa sababu moja. Ikifika Ijumaa, tarehe 31 Mei, lazima niwe nimechagua chuo cha kusomea shahada ya uzamili ya historia ya sanaa. Nina miaka hamsini na miwili. Nimeripoti mahakama kwa miaka ishirini na saba, na hiyo tarehe 31 ndiyo pia siku yangu ya mwisho gazetini. Niliomba mwenyewe kustaafu mapema. Nimeomba nafasi katika vyuo viwili. Kimoja kiko mbali, safari ya ndege, katika jiji anakoishi binti yangu. Kingine kiko mitaa minne kutoka mahakamani. Mume wangu keshavibatiza Kule na Hapa, na mimi nitaviita hivyo hivyo kuokoa wino.

Picha imechorwa moja kwa moja ukutani, nyuma ya kiti cha hakimu. Upana mita nne na robo, nimepima. Ni asubuhi sokoni, watu tisa. Mwanamke wa katikati ameshika mizani, na sahani iliyozama ni ya upande wa mnunuzi. Mawakili hutania kwamba ndiye mtu pekee mwaminifu aliyewahi kuingia chumba hiki. Wote tisa hawana miguu. Nilipoanza kazi walikuwa na viatu. Kila mwaka, kabla ya muhula mpya wa mahakama, fundi wa Idara ya Ujenzi huja kupaka kuta rangi nyeupe, na kila mwaka nyeupe yake hupanda kidogo. Kwenye madaftari yangu nimemwandika Mla Picha.

Kwa miaka mingi niliitazama ili kupumzisha macho. Siku nilipojikuta naiandikia maelezo badala ya kumsikiliza shahidi, nilijua sitastaafu nikapalilie maua.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kesi ya mbuzi, ya watu wawili wanaogombea mbuzi mmoja, imeahirishwa tena.

Jumamosi, 9 Machi

Mume wangu alifundisha hesabu miaka thelathini na nne na bado ana ubao mdogo jikoni. Leo nimeamka nikakuta jedwali. Kule: maktaba ya ghorofa nne, alama 9. Profesa mwenye vitabu vyake mwenyewe, 9. Binti yetu na mjukuu ajaye, 10. Hapa: paa linavuja, 2. Walimu watatu tu, 4. Mke kuwepo nyumbani, 37.

"Alama ya juu si kumi?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ya ziada."

"Kwa nini thelathini na saba?"

"Ningeandika arobaini ungesema napendelea."

Nikamwambia mke si kigezo cha kitaaluma. Akafuta, akaandika 36.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda Hapa kwa usaili. Jengo lilikuwa ghala la mbegu. Kwenye nguzo bado kuna namba za magunia. Ukumbini nimehesabu ndoo sita, kila moja na sauti yake. Mkuu wa programu ni mwanamke wa miaka thelathini na minane hivi, amevaa mabuti ya mpira ndani ya ofisi yake mwenyewe. Wanafunzi humwita Mwalimu wa Mabuti, na anajua.

Andiko langu la maombi lilikuwa mezani: kurasa kumi na mbili kuhusu picha ya Namba Tatu. Vyuo vyote viwili nimevipelekea andiko hilo hilo.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ukurasa wa pili unasema picha ilichorwa na mke wa hakimu wa kwanza. Umejuaje?"

Nikamtajia vyanzo vitatu: kijitabu cha miaka hamsini ya mahakama, orodha ya makumbusho ya picha za majengo ya umma, na tasnifu ya mwanafunzi mmoja.

"Na wao wamejuaje?"

Nikafungua ukurasa wa pili, nikaufunga.

"Basi ukipata jibu, karibu tena," akasema, akasimama kunifungulia mlango.

Dakika sita. Nimewahi kuhojiwa na mawakili wakali kuliko yeye, lakini hakuna aliyenitoa nje kwa adabu namna ile. Nimerudi nyumbani soksi zimelowa. Nimemwambia mume wangu yule mwanamke anajiona. Akaenda ubaoni, akapunguza alama za walimu wa Hapa kutoka 4 hadi 3.

Jumatano, 20 Machi

Usaili wa Kule, kwa njia ya video. Watu watatu, dakika arobaini. Profesa ana sauti nzuri na mpango mzuri wa vitabu nyuma yake. Amesema andiko langu linasomeka kama kesi ambayo mtu hataki iishe. Amesema zaidi: "Mke anachora soko, mume anahukumu mbele ya soko hilo. Hiyo peke yake ni tasnifu."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua siku nzima. Mbuzi amekufa. Kesi inaendelea.

Jumanne, 2 Aprili

Kule wamenikubali. Ufadhili kamili, miaka miwili. Nilikuwa nasoma barua mara ya pili binti yangu alipopiga. Ni muuguzi, anatarajia mtoto wa kwanza mwezi wa nane.

"Mama! Chumba nimeshakipaka rangi."

"Barua nimeipata dakika ishirini zilizopita."

"Mimi nimepaka tangu Februari."

"Rangi gani?"

"Usianze."

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu hata siku moja. Sema unakuja."

Nikasema nitajibu kabla ya tarehe 31 Mei. Akacheka kile kicheko cha baba yake cha kuficha jambo. "Sawa, Bi Daftari," akasema. Ndivyo wanavyoniita mahakamani. Yeye hajawahi kuniita hivyo.

Jedwali la jikoni, baada ya kuongezwa ufadhili na vigezo vingine, sasa linasoma Kule 47, Hapa 45. Mume wangu anasema ni hesabu tu, haina hisia. Ameosha kikombe kimoja mara tatu.

Jumanne, 9 Aprili

Mbona nataka kumjibu yule wa mabuti? Nimeshakubaliwa kwingine. Nimejiuliza swali hilo tangu asubuhi. Jibu ni rahisi: ameniuliza swali ambalo mimi ningemuuliza shahidi yeyote.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeanza na kijitabu. Aliyekiandika ni karani mstaafu, yuko hai, anafuga njiwa, na kumbukumbu zake ziko sawasawa.

"Habari ya mke wa hakimu uliitoa wapi, mzee wangu?"

"Makumbusho. Kwenye orodha yao."

Kwa hiyo viwili ni kimoja. Nikaenda makumbusho. Mtunza kumbukumbu akavuta droo ya kadi, akatoa kadi ya picha ya Namba Tatu. Kwenye mstari wa chanzo pameandikwa jina la gazeti letu na tarehe. Nikainakili. Ile tarehe ilinipa mashaka kidogo, lakini saa kumi wanafunga na mvua ilikuwa inakuja.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nimejifumania.

Asubuhi nimepiga simu chuo kilichotoa ile tasnifu. Msichana wa maktaba akanisomea tanbihi kwa sauti: gazeti letu, tarehe ile ile, ukurasa wa tano. Vyanzo vyangu vyote vitatu vilikuwa kimoja, kimebadilisha nguo mara tatu.

Nikashuka chumba cha magazeti ya zamani. Jalada lina vumbi na alama za mikono, nyingi za kwangu. Ukurasa wa tano, chini kushoto, kuna picha ya hakimu mpya akila kiapo, na nyuma yake soko. Maelezo ya picha yana sentensi mbili. Ya pili inasema: "Picha ya ukutani ilichorwa na mke wa hakimu wa kwanza wa mahakama hii." Hakuna jina la mwandishi, maelezo ya picha hayawekwi jina. Lakini wiki ile mpiga picha alikuwa na ripota mmoja tu. Ulikuwa mwezi wangu wa pili kazini.

Nimerudi nyumbani saa tisa, nikapanda kwenye kiti, nikashusha sanduku la madaftari. Nimeyatunza yote. La nne, ukurasa wa kumi na tisa, mwandiko wangu wa wakati ule, bado mzuri: "Karani mlangoni: labda mke wa hakimu alichora, alikuwa na muda mwingi. (Anacheka.)"

Labda. Anacheka.

Nakumbuka vizuri siku ile. Mhariri wa wakati huo alikuwa amesimama mlangoni akipiga vidole kwenye mbao za mlango. Nafasi ya maelezo ilikuwa mistari mitatu. Nikaliondoa neno "labda" ili sentensi ikae. Karani yule wa mlangoni, si huyu mfuga njiwa, amefariki miaka kumi na mmoja sasa. Alitania mlangoni, mimi nikampandisha kizimbani bila kiapo, makumbusho wakamwandikia kadi, kijitabu kikamchapa, mwanafunzi akapata shahada, na mimi nikarudi baada ya miaka ishirini na saba nikawanukuu wote watatu kama mashahidi huru.

Nimewahi kuandika habari za watu waliofungwa kwa ushahidi wa namna hii. Niliwaita wazembe wale waliouleta. Nilitumia neno hilo.

Mume wangu alinikuta sakafuni na madaftari. Nikamsomea. Hakusema pole. Akauliza, "Kosa liko mstari wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Basi kila kilichofuata kifute, urudie. Ndivyo nilivyokuwa nawaambia watoto."

"Walikuwa wanalia?"

"Wengine. Halafu wanapata."

Kisha akachota chai, akaiweka pembeni mwa daftari la nne, mbali kidogo lisilowe.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeandika barua mbili zinazofanana neno kwa neno, moja Kule na moja Hapa. Aya nne. Nimeeleza kosa, ni la nani, limesafiri vipi, na kwamba kurasa tano kati ya kumi na mbili hazina mguu wa kusimamia. Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa kumi na tisa. Sikuomba chochote. Kule wana haki ya kuniondolea ufadhili, na nimeandika hivyo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimempelekea Mhariri masahihisho. Ni kijana, miaka thelathini na sita, huniita bibie kwa upole wa mtu anayebeba sahani za watu.

"Masahihisho ya miaka ishirini na saba? Mlalamikaji ni nani, bibie?"

"Mimi."

"Anamlalamikia nani?"

"Mimi."

"Na umempa mlalamikiwa nafasi ya kujieleza?"

"Amekiri."

Akasoma tena. "Hapa umeandika 'mchoraji hajulikani.' Tukichapa hivi tunaondoka na mikono mitupu. Tuweke tu 'inaaminika'?"

"Hajulikani," nikasema.

Akaitia sahihi. Nilikuwa nikidhani kijana huyu anaogopa kila kitu. Leo nimeona ni mwangalifu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Jumatano, 24 Aprili

Masahihisho yametoka ukurasa wa pili. Hakuna aliyepiga simu.

Jumatatu, 29 Aprili

Majibu yote mawili kwa siku moja.

Kule: barua ya heshima. Wanashukuru kwa uwazi wangu. Jambo hili halibadilishi uamuzi wao, kwani kilichowavutia ni namna ninavyoandika. Ufadhili uko palepale.

Hapa: mistari miwili kwa mkono. "Sasa tunaweza kuanza. Nafasi ipo, ufadhili ni nusu, njoo na madaftari yote."

Nimeziweka mezani pamoja. Ya Kule ni njema na sina neno baya juu yake. Lakini nimeisoma mara nne nikitafuta swali, na hakuna swali.

Ijumaa, 3 Mei

Ripota hachagui chuo kwa barua. Nimewatafuta waliosoma.

Wa Kule, anafanya kazi kwenye jumba la picha: "Utaona kila kitu ulichokuwa unakisoma. Nilisimama mbele ya picha moja nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Ila usitegemee mtu akuulize kitu kabla ya mwezi wa sita."

Wa Hapa, anafundisha sekondari: "Panya wapo. Sura ya kwanza ya tasnifu nilirudishiwa mara saba."

"Mara ya nane?"

"Mara ya nane mwalimu alileta keki."

Nimewauliza wote wawili kama wangerudia. Wote wamesema ndiyo, bila kusita. Hilo halikunisaidia hata kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Maji yameingia Namba Tatu kupitia dirisha la kusini. Vikao vimehamishwa. Mla Picha ameletwa kukwangua ukuta uliovimba. Nilimkuta peke yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa maji. Mtu wa miaka karibu sitini, viatu vyake vimepakwa rangi za serikali za miaka mingi. Miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana tu. Leo nimekwenda moja kwa moja.

"Kaka, kwa nini unaila hii picha?"

Hakukasirika. "Umechelewa kuuliza, dada. Nimekusubiri tangu ulipokuwa na nywele nyeusi."

Akanionyesha. Unyevu unapanda kutoka sakafuni, na ukingo wa chini wa picha hubanduka kila masika. Amri ya ofisi ni kwamba mstari wa ukuta uwe mnyoofu na rangi mpya ishike. Kwa hiyo kila mwaka hubandika tepu pale ambapo rangi ya picha bado ni nzima, karibu kidole kimoja juu ya mwaka uliopita, halafu hupaka chini yake. "Ningebandika chini ningekuwa napaka juu ya magamba. Yangeanguka yote na viatu vyao. Hivi yamebaki humo ndani, yameshikwa."

"Humo ndani kuna nini?"

"Miguu. Na chini ya miguu kulikuwa na maandishi. Nilipoanza kazi hapa yalikuwa yamebaki vichwa tu vya herufi, sikuweza kuyasoma. Miaka thelathini na mmoja sasa."

Nimepima kutoka ukingo wa leo hadi mahali anapokumbuka picha ilianzia: sentimita hamsini na tisa. Kwa miaka yote hii nimemwandika kama mharibifu, na sikuwahi kumuuliza. Hilo ni kosa langu la pili kwa mwaka huu. Nimefuta Mla Picha kwenye daftari la sasa. Ni Fundi.

Alhamisi, 9 Mei

Kama maandishi yalikuwepo kabla ya Fundi, basi yapo kwenye filamu. Mtunza picha wa gazeti amenipa bahasha za mwaka ule mahakama ilipofunguliwa na kioo cha kukuzia. Bahasha arobaini na moja.

Jumatatu, 13 Mei

Bahasha ya ishirini na sita. Siku ya ufunguzi, watu wamekaa kwenye viti vipya, na nyuma yao soko zima, na miguu yote kumi na minane. Mwenye mizani amevaa kiatu kimoja. Cha pili kiko chini, kimepinduka, amekivua kupumzisha mguu. Hakuna aliyewahi kuandika juu ya kiatu hicho kwa sababu hakuna aliyekumbuka kipo.

Chini ya kiatu, mstari wa herufi: KARAKANA YA RANGI, IDARA YA UJENZI, ZAMU YA. Halafu kiti cha hakimu kinaziba.

Si mke wa hakimu. Pengine si mtu mmoja hata. Nimeandika "pengine" na nimepigia mstari.

Nikatoka na nakala chini ya koti, mvua ikinyesha, nikamkuta Fundi mahakamani anafunga vifaa. Nilimpa kioo na picha. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akasoma tena.

"Hii ni karakana yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Sisi ndio tuliochora?"

"Waliokutangulia. Zamu mojawapo."

Alikaa juu ya ndoo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Miaka thelathini na mmoja nampakia rangi babu yangu usoni."

"Kuna kumbukumbu yoyote ya zamu za zamani?"

"Kuna daftari la zamu. Kubwa, la jalada jeusi. Liko karakanani."

"Limehifadhiwa wapi?"

Akaangalia pembeni. "Linazuia mlango usijifunge."

Jumanne, 14 Mei

Mwalimu wa Mabuti alikuja mwenyewe karakanani, na mabuti yake. Nilimpigia simu saa mbili asubuhi. Saa tatu kasoro alikuwa mlangoni, amepiga magoti kwenye saruji mbele ya daftari lile, hajaligusa.

"Nani amelifungua?"

"Hakuna bado," nikasema. "Nilikungoja. Sijui namna ya kulifungua."

Alinitazama. Ni mara ya kwanza kumwona akitabasamu, na meno yake ya mbele yamepishana kidogo. "Hata mimi sijui vizuri," akasema. "Limelowa upande huu. Kuna mtu namfahamu anayejua karatasi. Tusiliguse mpaka aje." Akavua kitambaa chake cha kichwa, akalifunika. Fundi akaenda kutafuta tofali la kuzuia mlango.

Machi niliandika kwamba anajiona. Sifuti, ili nikumbuke.

Ijumaa, 17 Mei

Karatasi zinakaushwa moja moja. Mtaalamu anasema wino umeshika. Kazi itachukua miezi mitano au sita. Hakuna jina hata moja bado.

Jumapili, 26 Mei

Nimempigia binti yangu. Niliandika hoja tano kwenye karatasi. Nilifika ya pili.

"Kwa hiyo unabaki," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeshindwa na ukuta."

Nilisikia maji yanachuruzika jikoni kwake, kisha akafunga bomba.

"Hukuniuliza kama nitaumia, Mama. Unauliza watu wote, mimi hukuniuliza."

Ni kweli. Nikaweka karatasi chini. "Utaumia?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Wiki hii sana. Wiki ijayo nitakuwa na zamu za usiku, sitakuwa na nafasi."

"Masomo yanaanza Oktoba," nikasema. "Nitakuja mwishoni mwa Julai, nikae mpaka mtoto ajue sauti yangu. Wiki nane. Ikiwa bado unataka."

"Wiki nane na hutaandika chochote?"

"Nitaandika kidogo."

"Muone." Lakini sauti ilikuwa imelegea. "Basi utalala kwenye chumba cha kijani."

"Ni cha kijani?"

"Nilikwambia usianze!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote akijifanya anatafuta chaki. Nilipokata simu akaniuliza kama anaruhusiwa kufuta ubao. Nikamwambia afute. Alifuta yote ila 36.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho gazetini. Saa nne nimepeleka barua zote mbili: Kule shukrani na samahani, Hapa nakubali. Saa sita nimerudisha kitambulisho. Mhariri amenipa madaftari mapya kumi, yamefungwa kwa kamba. "Nilifikiria saa," akasema, "nikaona wewe ungeipima kama inakwenda sawa." Hukumu ya kesi ya mbuzi imetoka leo hii, nimeiandika, maneno mia mbili na themanini, jina la kila mtu limehakikiwa. Mbuzi alikuwa wa mlalamikiwa.

Haijanyesha tangu Jumanne.

Jumatatu, 3 Juni

Jua. Nimeingia Namba Tatu kama mtu wa kawaida, nikakaa benchi la umma. Kiti cha hakimu kimetolewa nje. Fundi alikuwa amekwisha kutandaza turubai na kufungua ndoo ya nyeupe, rola begani, tepu mkononi. Muhula mpya unaanza wiki ijayo.

"Tepu niweke wapi, Bi Daftari?"

Tukapiga magoti wote wawili. Nikampa mwisho wa futi, akashika. Tukashuka sentimita hamsini na tisa kutoka ukingo wa leo, tukaongeza tatu za tahadhari. Akabandika tepu pale, karibu na sakafu, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona. Mita nne na robo.

"Na hapa juu yake?" Alionyesha ule ukanda wa nyeupe za miaka yote, umepasuka na kuchafuka.

"Usipaguse. Kuna watu watapafungua taratibu, kuna namna yake."

"Nipaache hivi? Msimamizi atauliza."

"Mwambie kuna mwanafunzi anapashughulikia."

"Mwanafunzi gani?"

Nikatoa barua ya chuo mfukoni. Aliisoma kama alivyosoma ile picha, midomo ikitembea. Akanirudishia. Kisha akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akainama, akaandika juu ya tepu kwa herufi kubwa: USIPAKE. MWANAFUNZI. Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake, kwa herufi ndogo, jina la karakana.